Dari ya Mama Mkwe Niliyoikagua kwa Ufagio

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla sijapasuka. Mimi ni mkaguzi wa majengo na hatari za moto, mwaka wa kumi na nne sasa, na nina mke, kitambi na siri moja. Kitambi kilitangulia, siri ikafuata, maana miaka mitatu iliyopita nilikwama kwenye tundu la kupandia darini, kichwa na mikono juu, tumbo katikati, miguu inarusha mateke sebuleni kwa watu, mpaka fundi bomba akanipaka mafuta ya kula kiunoni na wapangaji wawili wakanivuta kama gunia, na tangu siku hiyo nikiona tundu la dari jasho linanitoka, kwa hiyo nikabuni ujanja: naifunga simu kwenye mpini wa ufagio, naiingiza juu, naizungusha, natazama video nikiwa nimekaa kwenye kiti, natia alama ya vema kwenye fomu, natia saini, huyo, nakwenda zangu, na bosi ananisifu kwa wepesi.

Sasa sikia balaa. Mwezi uliopita nilikagua nyumba sita zilizoungana chini ya paa moja, na ukuta unaotenganisha kila nyumba na jirani lazima upande mpaka uguse paa, la sivyo moto ukiwaka kwa mmoja unapita darini kwenda kwa mwingine bila kubisha hodi. Nyumba ya nne, tangi la maji lilikaa mbele ya tundu, video yote ni tangi, ukuta wa upande wa nyumba ya tano sikuuona hata kidogo, na kutokea nyumba ya tano yenyewe simu ilionyesha giza tupu, lakini nikaandika "umefika juu" kwa kuwa zile tatu za kwanza zilikuwa sawa. Jumamosi mama mkwe akanipigia simu: "Mwanangu, nimehamia nyumba ya nne! Nimeona saini yako kwenye hati iliyobandikwa mlangoni, nikasema hapa nitalala fofofo." Na jirani yake wa nyumba ya tano ni mchomeleaji vyuma, kazi anafanyia humo humo ndani. Nikisema, kazi itaota mbawa na mkwe atanidharau. Nikinyamaza, usingizi sina. Nifanyeje?

Mkaguzi wa Ufagio

Mkaguzi wa Ufagio,

Nilicheka yale mafuta ya kula mpaka machozi, halafu nikafika nyumba ya nne nikaacha. Pole kwa kukwama. Mimi nisingepanda tena hata ngazi ya jikoni. Lakini usijifiche nyuma ya kitambi. Nimemuuliza mkaguzi mstaafu ninayefahamiana naye, akaniambia fomu zenu zina nafasi ya kuandika "sikufika", na sababu yake, na kwamba yeye aliijaza kila wiki na hakuna aliyemfukuza. Tangi limeziba, unaandika tangi limeziba, anatafutwa mwenzako mwembamba au dari inafunguliwa upande mwingine. Wewe uliandika ulichokisia. Huo si woga, ndugu yangu, ni uongo, na umeubandika mlangoni kwa mama wa watu.

Mkwe atakudharau? Atakudharau, na mashangazi wote watasimuliwa habari za ufagio. Vumilia. Mimi ningefurahi awe hai wa kukusimanga.

Basi mpigie leo, umweleze ukweli bila kuzunguka, umhamishie kwenu hadi dari ikaguliwe. Pita kwa mchomeleaji umwombe asitishe kazi. Kesho bosi akifika tu, mpe orodha ya dari zote ulizokagua kwa ufagio, maana chini ya hizo nako kuna watu. Mwenzako mwembamba apande, akanyage mbao za kenchi zinazobeba paa asije akatua sebuleni, amulike nyuma ya tangi mpaka aone tofali la mwisho limegusa paa. Ufagio wako ubaki nao, una akili, ila usichokiona uandike hukukiona.

Kitambi tutakijadili siku nyingine. Na kama bado unasoma, weka gazeti chini. Mama yuko nyumba ya nne.