Upinde wa Chini ya Kitanda

Jumatatu, 2 Juni

Mume wangu leo kaanza tena! Nimempelekea chai dukani, nikamkuta kamshika mteja kidevu, wembe mkononi, anahubiri. Na kinyozi mwenye wembe mkononi nani atambishia? Eti mkono ukishajua upinde umejua. Eti mazoezi kati ya msimu na msimu wa kuwinda ni ya watu wasio na kipaji. Mteja aliyekuwa akingoja zamu akasema yeye hupiga mishale kila wiki, mwaka mzima, la sivyo msimu ukifunguliwa anapiga miti. Mwingine akasema mwezi mmoja kabla unatosha. Mume wangu akacheka mpaka akalazimika kuuweka wembe chini. Yeye huutoa upinde siku hiyohiyo ya kwenda porini!

Nikamimina chai. Kama angejua!

Maana upinde wake hauko usingizini hata kidogo. Tangu alipouingiza chini ya kitanda msimu ulipofungwa, mimi ndiye ninayeutembeza. Ilianza nikitafuta ndala. Nikafungua begi nione tu. Ni ule upinde wa kisasa, wa magurudumu mawili madogo. Nikavuta ugwe — haukusogea hata unene wa kidole! Nikaona skrubu mbili kubwa, moja juu moja chini. Nikazitazama. Zikanitazama. Mimi ni fundi wa makochi, mfukoni mwangu spana ya miguu ya makochi haikosekani. Ikaingia sawasawa, kama iliagizwa.

Nikalegeza, nikalegeza, mpaka nikaweza kuvuta. Nikapiga mto wa sponji kule mwisho wa karakana. Basi. Nikanogewa.

Sasa mlangoni kwa mume wangu kumebandikwa tangazo la bwana wanyamapori. Mwaka jana wanyama waliokimbia na mishale mapajani walikuwa wengi kuliko walioanguka, kwa hiyo mwaka huu kuna mtihani, Jumamosi ya tarehe 28. Upinde unapimwa kwanza kwenye mzani, ukiwa dhaifu unakataliwa. Mishale mitano, mitatu iingie kwenye duara. Ukishindwa unarudia mara moja, wenzako wote wakishamaliza. Na kibali cha kuwinda ni kimoja kwa kila upinde.

Mume wangu kasoma akasonya "mchwi!" Mimi nimesoma mara mbili. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mwanamke haruhusiwi.

Jumanne, 3 Juni

Mama mkwe kaniletea fomu. Sikumtuma! Kaenda mwenyewe, kwa miguu yake inayouma akitumwa dukani. Yeye ndiye peke yake anayejua. Alinifuma siku moja karakanani, mshale umeshaondoka. Nikadhani nimekwisha. Akavuta kigoda, akaketi, akasema kiwiko changu kimelala. Tangu siku hiyo saa ya chai ni yetu. Mimi napiga mishale sita, yeye anacheka, basi, narudi kazini. Sita tu, lakini kila siku. Ni kama mshono: nikiacha wiki mbili, mkono wangu unalewa.

Nikajaza fomu. "Siri ya mtungi aijuaye kata," kasema mama mkwe, akaificha kifuani, aipeleke kwa bwana wanyamapori.

Jumapili, 8 Juni

Nitakufa kwa kicheko nilichokizuia! Shemeji, kaka yake mume wangu, alikuja kutusalimu. Mazungumzo yakafika kwenye mtihani. Mume wangu akaingia chumbani, akatoka na begi. Kwanza akamwonyesha kaka yake jinsi begi lake lilivyo bora — miezi yote hiyo chini ya kitanda, halijashika hata vumbi! Kisha akauvuta upinde.

Ukaja mpaka shavuni kama mkono wa mtoto. Jinsi ulivyo mlegevu!

Macho yakamtoka. Akavuta tena. "Kaka, unaona? Unaona mwenyewe? Nimekaa tu, na nguvu zimeongezeka!"

Shemeji akasema huo basi ni muujiza. Mama mkwe akaingiza pindo la kanga mdomoni, akatoka nje. Mimi nikakumbuka ghafla kwamba kuna kitu jikoni.

Lakini nikiwa jikoni nikawaza vizuri. Mzani! Upinde mlegevu hivi utakataliwa, mikononi mwake au mwangu. Lazima nianze kukaza. Kidogo kidogo, kila nikiuzoea, robo nyingine ya mzunguko.

Alhamisi, 12 Juni

Nimelipiga kochi la mteja.

La yule mama wa benki. Lile la kijani, nililomaliza kulivisha kitambaa juzi! Nilikaza robo mbili kwa pamoja kwa tamaa, mkono ukatetemeka, mshale ukaupita mto na kuingia katikati ya mgongo wa kochi. Mama mkwe kasema, "Hapo umelenga."

Tundu dogo, lakini ni tundu. Nikakaa, nikafikiri. Nikashona kifungo juu yake. Kifungo kimoja kikaonekana kama jicho la chongo. Nikaongeza cha kulia, cha kushoto, nikaendelea mpaka mgongo wote ukajaa. Nyuzi za kijani zimenijaa kila mahali, mpaka kwenye nywele.

Jumapili, 15 Juni

Jirani kaja kuuona muujiza. Mume wangu kavuta — ukaja, lakini kwa kukunja uso. Kasema godoro letu limebonyea, limemwumiza bega. Nimeahidi kulitazama, mimi si ndiye fundi? Godoro halina neno, maskini.

Jumatano, 18 Juni

Robo nyingine. Mishale ikashuka, ikatawanyika. Nikatamani kurudisha. Mama mkwe akasema nisirudishe. Sikurudisha. Vidole vinauma, naandika vibaya.

Ijumaa, 20 Juni

Mama wa benki kaja kuchukua kochi. Akavipapasa vifungo. Akauliza wazo hili nimelitoa wapi. Nikasema lilinijia ghafla, tena kwa kasi. Kafurahi! Dada yake naye anataka la vifungo vilevile. Sasa la huyo nitalipigaje?

Mishale leo: mitano kati ya sita. Nimekaza tena.

Jumapili, 22 Juni

Leo sikucheka.

Hakukuwa na mgeni. Alikuwa chumbani peke yake, mimi napita na nguo za kupiga pasi. Akauvuta upinde. Ukafika nusu, mkono ukaanza kutetemeka, akauachia taratibu. Akaketi kitandani. Aliponiona hakujifanya chochote, na yeye kwa kujifanya ni bingwa.

"Mke wangu, kuna kitu kinanila," akasema. "Juzi juzi nilikuwa simba. Leo nashindwa. Baba naye alianza hivihivi, mkono."

Nikamshika bega. Maneno yalikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi. Nikamwambia apumzike.

Nikaenda kumwambia mama mkwe. "Baba yake?" akasema. "Baba yake alivunjika mkono alipoanguka kutoka juu ya paa akizibua mfereji! Alianza hivihivi wapi?" Lakini naye hakucheka sana.

Jumatatu, 23 Juni

Mume wangu kaenda zahanati. Wamempima presha, wamempima damu, wamemgonga magoti kwa kinyundo. Daktari kasema ana afya ya punda. Kamwuliza anafanya mazoezi gani. Karudi amenuna kuliko alivyoondoka. Anaona wamemficha ugonjwa.

Kwa nini simwambii? Nijiulize hapa, maana hapa hapana wa kunisikia. Nikimwambia, upinde unarudi chini ya kitanda na begi linapigwa kufuli. Nami nakitaka kile kibali. Nakitaka! Miaka yote hii nimefunga masanduku ya safari, nimechemsha chai ya alfajiri, nimesikiliza stori za nguruwe mwitu waliokoswa na mshale kidogo tu. Nataka mara moja nisimame mwenyewe kwenye majani yenye umande na nisikie kuna kitu kinakuja.

Haya, nimelisema. Mbona halitishi sana likiandikwa?

Alhamisi, 26 Juni

Mchana duka lake lilikuwa limefungwa. Duka la kinyozi, mchana, watu wana nywele! Nikazunguka nyuma.

Alikuwa kafunga mpira wa tairi la baiskeli kwenye nguzo, anavuta. Anavuta, anapumzika, anavuta. Shati limelowa mgongoni. Na wakati wote anajisemesha kwa sauti ndogo, kama anavyombembeleza mtoto anayeogopa mashine ya kunyoa.

Nikarudi kinyumenyume ili asinione. Nilipofika karakanani nililia kidogo. Kisha saa ya chai ikafika, nikapiga sita zangu. Sita zote ndani.

Siku mbili za mpira, miezi ya kukaa! Jamani, si angeanza mapema?

Ijumaa, 27 Juni

Nimekaza robo ya mwisho. Kwenye kila skrubu na ubavuni mwake kuna alama nyeupe ya kiwandani, na alama zimekutana. Sasa upinde uko vilevile alivyouacha msimu ulipofungwa. Tena nimeupaka ugwe nta. Sijamwibia kitu. Naandika haya ili niyasome kesho nikianza kujilaumu.

Kaniomba nimkande mkono kwa dawa ya kuchua. Nimemkanda. Halafu na mimi wangu ulikuwa unauma, ikabidi niseme nimechoka kupigilia misumari.

Jumamosi, 28 Juni

Naandika kwenye benchi, uwanjani. Daftari nimelileta kwenye mkoba.

Mume wangu alikwenda vizuri mwanzoni. Bwana wanyamapori akautundika upinde kwenye mzani, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akapitisha kidole kwenye ugwe, akaona nta. "Huu unatunzwa. Mzee, unafanya mazoezi sana."

"Kila siku," mume wangu akasema. Mdomo huo!

Akasimama kwenye mstari. Akavuta. Nusu. Robo tatu — nilijikuta navuta naye, mkono wangu ukijikunja kwenye mkoba. Kisha mkono wake ukakataa. Mshale ukatoka kwenye ugwe, ukaanguka kwenye viatu vyake. Yule mteja anayepiga mishale kila wiki akakohoa. Akakohoa tena, bila aibu. Bwana wanyamapori akasema kwa upole kwamba atarudia mwishoni, wengine wakimaliza.

Amekuja kukaa kati yangu na mama mkwe, upinde magotini. Nikadhani anaomba dua. Kumbe anaukagua. Akainama, karibu na skrubu ya chini, kwa jicho lake la kazi, lile linaloona unywele mmoja uliobaki nyuma ya sikio. Akakunja vidole viwili, akachomoa kitu.

Uzi. Wa kijani.

Akauinua kwenye mwanga. Akatazama gauni langu la kazi, ambalo kwa ujinga wangu nimekuja nalo. Akatazama vidole vyangu, sugu zile mpya. Mwisho akatazama kipande cha namba ya mtihani kilichochungulia kwenye mkoba wangu. Mama mkwe akaanza ghafla kupendezwa sana na mawingu.

Nilingoja ngurumo. Namjua, angeweza kusimamisha uwanja mzima kwa sauti. Akanyoosha mkono.

"Spana."

Nikaitoa. Imo mfukoni, itakuwa wapi? Nikamwekea kiganjani. Angeweza kulegeza palepale, na upinde umeshapita mzani, nani angejua? Angevuta, labda angepata kibali. Na mimi nikiwahi kuingiza mitatu kabla zamu yake ya pili haijafika, kibali kimeshakwenda. Sote wawili tunajua hesabu hiyo. Kimoja kwa kila upinde.

Akaizungusha spana vidoleni. Akaitazama skrubu, akanitazama mimi. Kisha akaitia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo.

"Aliyeukaza," akasema, "na auvute."

Akaniwekea upinde magotini. Mzito, bado una joto la mikono yake. Namtazama kwa pembeni nione kama kakasirika — midomo imebana, lakini kwenye kona kuna kitu kinachezacheza, siwezi kusema ni nini. Nilipomwuliza akasema nisimsemeshe, yeye ni mgonjwa.

Wameita namba yangu. Mama mkwe ananichokoa kwa kiwiko. Yule wa kila wiki ameacha kukohoa, anageuza shingo kutafuta ni nani. Mume wangu ameinama, ananikunjia mkono wa gauni, mkunjo mmoja, mkunjo wa pili, kama anavyomfanyia mteja asimwagikiwe na nywele. Ananong'ona kitu kuhusu kiwiko. Kwamba kisilale. Nimwambie nini sasa —

Wameita tena.