Nafasi ya Tano ya Darasa la 2004

Barasa, ndugu yangu,

Leo ni Ijumaa, saa nane mchana, na nimeshafua sare za kazi ambazo zilikuwa safi. Nimepanga viatu mlangoni, nikavipangua, nikavipanga tena. Nimetoka mpaka High Street hapa Erdington kununua maziwa, nikarudi na mkate. Kesho tunacheza kikapu kwenye ukumbi wa Castle Vale, na mpaka sasa sijui tutakuwa wangapi.

Sijawahi kukuandikia kitu kirefu. Mimi na wewe tulikuwa watu wa kubishana uso kwa uso, na ujumbe wa simu ulikuwa wa kusema tu "nimefika" au "nimechelewa". Lakini walikupeleka Bungoma, mimi nikabaki na zamu zangu, na huku hakuna kaburi la kwenda kusimama. Kwa hiyo nakaa mezani, naandika mstari, nainuka, nachungulia dirishani, narudi. Nivumilie.

Nikupe habari kwanza. Mama Nafula amerudi kazini. Anasema siku za wiki anaziweza, Jumapili ndiyo inamshinda. Kabati lako pale kazini wamempa muuguzi mpya, Mtanzania anaitwa Rehema. Nilimnunia wiki nzima, maskini, na hakuwa na kosa lolote. Siku moja akaniita. Ndani ya mlango wa kabati alikuta ile karatasi yako, majina matano upande huu, matano upande ule, mishale kila mahali, na juu yake umeandika 84 na 96. Akaniuliza kama ni mambo ya dawa za wazee tunaowatunza.

Ikabidi nimweleze. Nikamwambia kila mwaka timu za kulipwa za mpira wa kikapu kule Marekani hukaa zikachagua wachezaji wapya, mmoja mmoja. Wote wa mwaka mmoja tunawaita darasa. Sasa chukua darasa zima, livishe jezi moja, kila mtu awe kwenye ubora wake wa juu kabisa, halafu lipambanishe na darasa la mwaka mwingine. Marehemu alikuwa wa themanini na nne, mimi ni wa tisini na sita. Rehema akanitazama kwa huruma. "Sasa kaka, mnajuaje nani kashinda, na hawa watu hawajawahi kucheza?" Nikamwambia hatujui. Miaka ishirini na moja tumebishana na hatujui. Akabandua karatasi taratibu akanipa, nami nikaenda kujifungia chooni nikalia kama mtoto.

Tangu ufe nimekuwa wakili wa pande zote mbili. Napanda treni pale New Street, naanzisha mechi kichwani. Nasema maneno yangu, kisha nasema yako: "Nani atamzuia senta wangu? Mwafrika mwenzetu yule, Kyalo, heshimu." Namjibu Barasa wa kichwani kwamba walinzi wangu wana kasi, watarusha kutoka mbali, senta wako atabaki anashika kiuno. Ananijibu. Juzi nilipitiliza kituo, nikashtukia niko Sutton. Na jambo baya zaidi, ninapokusemea wewe unashinda. Hukuwahi kunishinda ulipokuwa hai, bwana, uliishia kucheka tu. Sasa nakusikiliza hadi mwisho na naona kweli, ile timu yangu haina mtu wa kati.

Isipokuwa yule mmoja, na hapo ndipo ninapotaka kufika. Nimezunguka vya kutosha.

Unamkumbuka yule jamaa wa tisini na sita ambaye timu zote zilimpita. Wakaita majina mpaka wakamaliza, lake halikuitwa. Baadaye akawa ukuta, watu wakaogopa kukaribia kikapu. Mimi nilimtaka kwenye kikosi changu. Wewe ulikataa katakata. "Hakuchaguliwa na mtu yeyote, Kyalo. Huwezi kuleta mtu ambaye list haimjui." Nami nilikujibu tangu ile siku ya kwanza kwenye basi la kutoka Heathrow, kabla hata hatujafika stendi ya Digbeth, Mama Nafula amelala begani kwako na tumbo lake la miezi saba. Nilikwambia mwaka ni wa kila aliyekuwepo. Kama alikuwa mlangoni mwaka ule, basi ni wa mwaka ule. Nilirudia maneno hayo tukiosha vyombo, tukigeuza wazee vitandani, na siku ile ya theluji tuliposubiri basi mpaka vidole vikafa ganzi.

Halafu tukaanzisha madarasa yetu wenyewe. Sikumbuki kama wazo lilikuwa lako au la Delphin, yule mzee wetu wa Bukavu. Waliofika Birmingham mwaka mmoja ni timu moja. Yeye na Wakongo wenzake ni 2001, sisi ni 2004, vijana wa nyuma yetu ni 2007. Sheria tulizitoa kwenye ubishi wetu. Hakuna kuazima mtu wa mwaka mwingine. Pungufu ya watano si timu. Sisi wa 2004 tulikuwa watano kamili, na mimi, tuseme ukweli, nilikuwa wa tano kwa kila kitu.

Sasa ile Jumamosi. Hatukuwahi kuizungumzia, miaka sita. Uliingia ukumbini na binti yako Nafula, ana miaka kumi na tano, mrefu kukupita, jezi ya shule na viatu vipya. Ukamwambia Delphin, kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Huyu ni wa class yetu. Alifika mwezi wa kumi, mwaka uleule, bila begi hata moja. Mwandike." Watu wakacheka, wakapiga makofi. Delphin akatoa kalamu.

Nami nikasimama nikasema hapana. Nikasema huyu hakufika, huyu amezaliwa hapa, na darasa ni la waliofika.

Nakumbuka ulivyonigeukia. Hukukasirika, ulishangaa. "Kyalo bana. Wewe? Wewe wa yule msee ambaye hakuchaguliwa na mtu?" Nikapandisha sauti. Nikataja viza, nikataja pasipoti, nikauliza kama sasa kila mtu ataleta watoto wake. Delphin akarudisha kalamu mfukoni. "Sheria ni yenu benyewe. Miye siko juge wa kuamua." Ukaenda kufunga kamba za viatu vyako. Nilidhani nimekushinda, na nilijisikia vizuri, Barasa, kwa dakika kama tano hivi. Nafula akakaa benchi akavua vile viatu vipya akavaa vya kawaida. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena ule ukumbi. Alicheza shule, sasa anacheza chuo, na wewe ulikuwa unaenda kumtazama. Ulinialika mara tatu. Mara zote nilikuwa na zamu, na mara mbili kati ya hizo nilidanganya.

Wengine walidhani ni kwa sababu ni msichana. Niliwaacha wadhani hivyo, na hilo nalo ni langu. Ukweli ni kwamba tukipasha misuli alinipita mara tatu. Mara ya tatu hata hakunitazama, alipita kama mtu anayepita kiti. Tungekuwa sita, watano waanze, na kila mtu pale ukumbini alijua nani angekaa chini. Ndiyo hivyo tu. Miaka yote nilimtetea mtu nisiyemjua ambaye list haikumjua, na mtoto wako niliyembeba akiwa na wiki mbili nikamfungia mlango nisije nikakaa benchi.

Sasa Jumatatu Delphin alinipigia. "Kyalo, muko wane. Bane haiko équipe. Ao mutafute mutu wa tano, ao mutaingia na ba 2007." Alinikumbusha kwa upole kwamba wanne si timu, anajua tumebaki wanne kwa sababu gani. Alikuwa analia pia, nadhani, alikata simu bila kuaga.

Jumatano nikaenda kwako. Nilipita mbele ya nyumba nikafika mwisho wa barabara, nikarudi, nikapita tena, mpaka jirani yako akatoka kunitazama. Nafula ndiye aliyefungua. Amefanana nawe mpaka inaudhi. Alinipa chai, akakaa mkono wa kiti kama ulivyokuwa ukikaa wewe ukigombezwa. Nikatoa hotuba yangu. Kwamba mimi nimefikiri, kwamba sheria inaruhusu, kwamba baba yake angefurahi. Unajua hawa watoto wetu, unaongea Kiswahili wanakujibu Kiingereza. Lakini hili alilisema kwa Kiswahili, polepole, nadhani alitaka lisinipite.

"Uncle, umekuja kwa sababu Dad amekufa, ama umekuja juu ulikosea?"

Nikasema yote mawili. Akasubiri. Nikakiweka kijiko chini. Nikamwambia alikuwa bora kuliko mimi, na niliogopa kukaa benchi. Sijawahi kumwambia mtu maneno hayo. Wewe ulistahili kuyasikia kwanza, na ndiyo sababu hasa ya barua hii.

Akasema, "Dad alijua."

Akaniambia mlivyorudi nyumbani siku ile. Alikuwa analia garini, anakuuliza kwa nini hukumpigania. Nawe ukamwambia: "Mwache Uncle Kyalo. Wewe una shule, una timu, una sisi. Yeye hana kitu kingine Jumamosi." Kisha Nafula akanitazama akasema kwa Kiingereza chake cha Birmingham, bila hasira hata kidogo, kwamba siku ile ulitakiwa kuchagua mtu mmoja, ukanichagua mimi.

Nilimuuliza kama atakuja Jumamosi. Akasema ataona. Akaosha kikombe changu, akanifungulia mlango.

Tangu Jumatano siwezi kukaa. Nikikaa nasikia ile sentensi. Una haki gani, Barasa? Nani alikwambia unionee huruma kwa gharama ya mtoto wako? Nimekukasirikia siku mbili nzima, nikiwa kwenye basi, nikiwa namlisha mzee uji. Nilitaka nikupigie simu nikutukane. Ningekuambia ungeniacha tu nikae benchi. Ningekasirika mwezi mmoja, miwili, ningeenda kanisani nikamaliza. Tungekuwa sita. Ungemwona akicheza na wewe miaka sita, ukimpa pasi, ukimlaumu kwa kuchelewa kurudi nyuma, naye akikuzungushia macho. Hiyo ndiyo niliyokunyang'anya. Siyo mechi, hizo tulipigwa nyingi tu. Nilikunyang'anya Jumamosi na binti yako, na wewe ukanipa bila hata kuniambia umenipa.

Halafu hasira inaisha, nabaki na aibu tu. Na nakukosa. Nakukosa vibaya sana, hasa saa hizi za mchana ambapo zamu yako ilikuwa ikiisha unapita hapa kuniuliza kama bado nina wazimu wa tisini na sita.

Asubuhi nimempigia Delphin. Nimemwambia aandike jina: Nafula Barasa, 2004. Akaniuliza kama amekubali kuja. Nikamwambia sijui, aandike tu, jina lake lilitakiwa kuwa pale tangu zamani. Nikasikia kalamu. "Niko naandika," akasema. "Na 2007?" Nikamwambia hatuendi 2007. Kama wataona wanne hawatoshi, watuhesabie tumeshindwa, tumezoea.

Muda unakwenda na bado sijala. Nimevua koti, nimelivaa tena. Nitatoka nitembee mpaka miguu ichoke, pengine nitapita karibu na kwako, lakini sitagonga. Amesema ataona, na nimwachie aone.

Kwaheri, ndugu yangu. Lala pale Bungoma, pale mvua inajua kunyesha kwa adabu, si kama hii yetu ya kunyunyiza siku nzima. Nakuahidi jambo moja. Kesho kabla ya kuanza nitasimama katikati ya uwanja, mbele ya Delphin na wale vijana wote, niseme kwa nini nilimkataa Nafula, na nitaisema ile sababu ya kweli. Akiwepo, atasikia. Asipokuwepo, tutaingia wanne na tutaacha nafasi moja wazi. Watu watainamisha vichwa wakidhani tumekuachia wewe. Nitawaambia hapana, Barasa alicheza nafasi yake akaimaliza. Hii ni ya binti yake.

Kyalo wako.