Kwa Mama Mkwe Niliyemkana Uwanjani

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Najua marehemu haitikii, na wifi yangu amenikumbusha hilo mara mbili tangu anione nimekaa barazani na kalamu. Anasema kumwandikia mtu aliyekwisha kuzikwa ni uchuro. Yohana, mwanao, anasema kama ni lazima niandike, basi niandike halafu niifungie kabatini. Sitaifungia. Nimewaambia wote wawili kwamba barua hii itasomwa na yeyote mwenye macho, kwa sababu kosa nililokufanyia nililifanya mbele ya watu, na sioni kwa nini toba yake nije kuifanyia jikoni.

Kwa wasiokujua: wewe ni mama mzazi wa mume wangu, mwenyeji wa Kibakwe, na ndiye uliyenifundisha gofu. Waache wagune. Waliguna tangu siku ya kwanza walipotuona tunapanda bajaji pale Area D, Dodoma, mkwe na mkwe, wote wawili tumevaa suruali, fimbo zimechomoza nje. Mama mmoja wa kwaya alikuuliza kama umekosa kazi ya kufanya uzeeni. Ukamjibu, "Kazi nimefanya miaka thelathini. Sasa nacheza." Hukuwa mtu wa maelezo mengi.

Kazi yenyewe ilikuwa palepale uwanjani. Nilipohamishiwa Dodoma na ofisi yangu, mtoto wa Tanga niliyezoea hewa ya bahari, nilidhani gofu ni mchezo wa watu wa majani mabichi na maji ya kumwagilia. Ukanionyesha uwanja wenu. Ardhi nyekundu ngumu, miiba, mbuzi wanaokatiza bila kuomba radhi, na kuzunguka kila shimo, mahali ambapo wenzetu wana majani laini, ninyi mna mchanga uliochanganywa na mafuta machafu ya gari ili upepo usiubebe. Wewe ndiye uliyekuwa ukiusawazisha mchanga huo kwa ubao, asubuhi na jioni, mpaka siku moja mchezaji akatupa fimbo iliyopinda na wewe ukaiokota. "Mgogo amezaliwa na fimbo mkononi," uliniambia. "Wao ndio walioongeza mpira."

Na ulikuwa na kizulia. Hapa lazima nieleze vizuri, maana ndipo mambo yote yalipoharibikia. Kwa kuwa ardhi yetu ni kama sakafu, ukipiga mpira uliolala chini unavunja fimbo au unavunja kiwiko. Kwa hiyo kila mchezaji wa uwanja wetu anatembea na kipande cha zulia, ukubwa wa kitambaa cha meza ndogo. Mpira ukisimama, unauokota, unautandikia kizulia, unaupiga kutoka juu yake, kisha unakiokota na kuendelea. Ni kanuni ya pale, wote wanaijua. Chako kilikuwa cha kijani chenye maua mekundu, ulikipata kwa fundi wa makochi Chang'ombe ya hapahapa Dodoma, na ulikishona ukingo mwenyewe ili kisichambuke.

Ukanifundisha upepo pia. Wa kwetu Dodoma unakuja umekauka, umebeba vumbi, hauchoki mchana kutwa. Kila nilipoupandisha mpira juu ulirudi nyuma au ukaishia kwenye miiba. "Upepo hauna adabu na vitu vilivyo juu," ulisema. "Mtambaze mpira. Apite chini kama anayemkwepa mdai." Mwaka mzima nilijifunza pigo hilo moja tu. Nilichukia, nikanuna, nikatishia kuacha. Ulinitazama tu huku unakung'uta kizulia.

Kisha tukasikia kuhusu mashindano ya kule kwetu pwani, kwenye uwanja wa wazi ulio ukingoni mwa bahari, ambako yeyote anaandikisha jina na kucheza. Wazo la kwenda lilikuwa langu. Nilitaka nikuonyeshe nilikotoka. Tulisafiri kwa basi kutwa nzima, tukalala nyumba ya wageni kwa kuwa kwetu hakujabaki mtu, na asubuhi ukasimama mbele ya ile bahari umevaa kofia yako ya ukili, raba za mwanao na khanga uliyoifunga juu ya suruali. Ukavuta hewa, ukalamba midomo. "Huu upepo wenu umetiwa chumvi," ukasema. "Lakini ni ndugu yake yule wa kwetu. Nimemjua."

Tulipangwa kucheza na wanawake wawili. Mmoja alikuwa Mwanahamisi, tuliyesoma naye darasa moja miaka yote ya sekondari. Amevaa vizuri, glavu nyeupe, anatembea kama uwanja ni wa babu yake. Mimi nilifurahi kumwona, nikajikuta nimerudia lafudhi ya nyumbani, nimerudia na kicheko cha shule. Na wewe kwenye njia ya majani ya shimo la kwanza, majani mazuri ambayo hata sisi tungeyalalia, ukaukuta mpira wako, ukauokota, ukatandika kizulia chako chenye maua, ukauweka juu yake, ukapiga.

Walicheka, Mama. Shoga yake Mwanahamisi alicheka mpaka akajishika magoti. "Bibi ametandika mkeka, anataka kuswali?" Hakuna aliyekuambia kwamba kule mpira haushikwi, unapigwa pale ulipolala. Mimi nilijua. Nilikuwa nimesoma kanuni njia nzima kwenye basi, na sikukwambia kwa sababu sikukumbuka, kizulia kwangu kilikuwa kitu cha kawaida kama kiatu. Ukaandikiwa mapigo mawili ya adhabu.

Hapo ndipo Mwanahamisi aliponigeukia, machozi ya kicheko yakimtoka, akaniuliza, "We Rehema, huyu mzee ni nani wako?"

Nikasema, "Jirani yangu tu. Wa Dodoma."

Ulikuwa hatua tatu kutoka kwangu. Ulikuwa unakikunja kizulia. Ulikikunja mara mbili, ukakitia mfukoni, ukawageukia wale wanawake kwa adabu zako zote, ukawasalimu Kigogo, "Mbukwenyi, mabinti. Ndiyo, ni majirani. Nyumba zetu zimekaribiana sana."

Nyumba zetu! Mama, ulikuwa unalala chumba cha pili kutoka changu. Ulinikandia tumbo nilipomzaa Elia. Ulinifulia nguo za uzazi siku ambazo mama yangu mwenyewe hakuwepo duniani kuzifua. Na mimi kwa aibu ya kipande cha zulia nikakufanya jirani.

Tulicheza. Upepo ulikuwa mkali, wenzetu wanaipandisha mipira juu na bahari inaipokea, na mpira wangu nao ukaniponyoka ukaenda mpaka mawe ya ufukweni, nikateremka kuutafuta. Wewe ulitambaza tu. Shimo baada ya shimo, mpira wako ulipita chini ya ule upepo. Yule msimamizi wa mashindano alipokuja kukushauri upumzike kwa ajili ya umri, ulimwambia, "Mwanangu, nimetoka Dodoma. Nitapumzika nikirudi." Ulimaliza mashimo yote kumi na nane, na pamoja na adhabu yako ulikuwa na mapigo machache kuliko sisi watatu. Mwanahamisi alikupa mkono. Mimi nilijifanya natafuta ufunguo wa chumba.

Ndani ya basi sikulala. Nilingoja uniseme. Ulikula ndizi zako, ukaniuliza kama nasikia baridi, ukanifunika khanga.

Wiki moja baadaye, nipo jikoni, nikasikia mlango unagongwa. "Hodi, jirani! Naomba chumvi." Ulikuwa umesimama na kisahani mkononi, uso mkavu kabisa. Nikacheka cheko la woga, nikakupa chumvi, nikatoka nje kuanua nguo ambazo hazijakauka. Tangu hapo, kila baada ya miezi michache, siku ambayo hakuna mtu nyumbani, hodi jirani. Miaka mitatu, Mama. Na kila mara nilikuwa na neno moja tu la kusema, na kila mara nililimeza. Nilijiambia nitalisema Krismasi. Nikajiambia nitalisema Elia akipata kipaimara. Mwaka jana mvua zilipokatika ukaondoka, tukakurudisha Kibakwe kwenye vilima vyenu, na neno bado liko kooni.

Siku ya kuanua matanga, shangazi yake Yohana alisimama mbele ya wote akasema, "Sasa mwenye mambo yake ameondoka, hayo ya kukimbiza mpira juani yaishe. Mkwe atulie nyumbani." Watu wakaitikia kwa vichwa. Yohana naye akatazama chini. Kesho yake nilibeba fimbo zako, zile zako, nikaenda uwanjani peke yangu, nikacheza nikiwa nimevaa nguo nyeusi za msiba. Nililia kuanzia shimo la pili mpaka la tisa na mipira mingi niliipiga vibaya. Lakini nilicheza. Na nimecheza kila Jumamosi tangu siku ile, na anayeguna na agune mpaka sauti imkauke.

Mwaka huu nikajiandikisha tena kule pwani. Nilikwenda kwa sababu moja. Nilitaka kusema palepale nilipolimeza neno, na kwa mtu yuleyule. Mwanahamisi alikuwepo, glavu nyeupe kama kawaida, upepo unampeperusha nguo. Nilimwendea kabla hatujaanza, mbele ya watu waliokuwa wakingoja zamu zao, na sikupunguza sauti.

"Mwanahamisi, yule mama wa miaka ile, mwenye kizulia. Nilikwambia ni jirani yangu. Nilisema uongo. Ni mama wa mume wangu. Ndiye aliyenifundisha kila ninachokijua hapa, na amefariki."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko. Nilikuwa nimejiandaa hata kugombana, nakwambia kweli, mikono ilikuwa tayari kiunoni. Mwanahamisi akavua glavu. Akanipa pole. Kisha akasema, "Lakini Rehema, mbona tulijua?"

"Mlijua nini?"

"Uliposhuka ufukweni kutafuta mpira. Alituita mimi na shoga yangu, akasema, 'Huyu ni mke wa mwanangu. Leo ameona haya kwa sababu yuko kwao, na mtu akiwa kwao huwa anakuwa mtoto tena. Msimcheke. Na msimwambie kwamba nimewaambia.' Tukamwahidi. Ndiyo maana hatukukwambia kitu siku zote hizi."

Nilikasirika, Mama. Wengine watategemea niseme nililia, na baadaye nililia, lakini kwanza nilikasirika. Kwa hiyo wakati wote ule wa hodi jirani ulikuwa umeshanisamehe kabla hatujafika hata nusu ya uwanja? Uliniacha nijichome miaka mitatu huku wewe unacheka na kisahani chako? Na hukutaka hata niombe radhi, ukaimaliza kesi peke yako, mshitaki wewe, hakimu wewe, mtetezi wangu wewe!

Jina langu likaitwa. Nilisimama mbele ya bahari, upepo usoni, nikapiga mpira wa kutambaa, na nikamsikia msichana mmoja nyuma yangu akimuuliza mwenzake huyu amefundishwa na nani. Sikungoja mwenzake ajibu. Niligeuka nikasema, "Mama mkwe wangu."

Sasa nisikilize, maana ni zamu yangu. Ulinisitiri bila kuniuliza. Mimi nakuanika bila kukuuliza. Nitakutaja uwanjani, kanisani, ofisini, kwenye bajaji, mbele ya shangazi na mbele ya kwaya nzima. Elia akikua nitamsimulia hivihivi, na sehemu yangu mbaya sitaiondoa. Ulitaka siri hii ife nawe ili heshima yangu ibaki. Nakataa, Mama. Heshima hiyo ilikuwa yako tangu mwanzo.

Nisamehe, hata kama umeshanisamehe. Nataka kuomba mwenyewe.

Pumzika kwenye vilima vyenu,

Mimi mkweo,
Rehema, mke wa mwanao Yohana.