Nyar Karungu, Jina Lako Haliandikwi Juu ya Redio

Nyar Karungu, binti wa watu wa ziwa, mke wangu,

Umelala hapa tu kushoto kwa nyumba, ningeweza kutoka nje nikakwambia kwa mdomo. Lakini nikipiga kelele kaburini majirani watasema mzee ameharibika kichwa. Kwa hivyo naandika. Darasa la tatu langu linashinda la nane la watoto wa leo.

Wamenikasirisha. Kanisa lilisema litanunua kinanda cha stima cha kukukumbuka, na jina lako libandikwe mbele. Hapo nilikubali, nikatoa hata dume wangu wa ng'ombe, Rateng', auzwe. Nani mwingine wa kukumbukwa? Si wewe ulipiga kile kinanda cha miguu mpaka mfuko wake wa upepo ukapasuka? Fundi wa Migori alishindwa. Mimi nikaushona na ngozi ya mbuzi, na Jumapili kikaimba. Wanawake wa kwaya wakanicheka: "Jaduong', mzee wetu, mbuzi wako bado analia!" Ukawajibu bila kugeuka, "Na bado anajua wimbo kuliko ninyi."

Basi tulienda Homa Bay, mimi na mwenyekiti wa kamati ya kanisa, Odhiambo, kwa duka la Abdi. Abdi ametoka mbali, lakini ni mtu wa heshima, alinipa kiti kwanza. Akatuwekea vinanda viwili. Cha kwanza chepesi, taa nyekundu, taa kijani. Ukibonyeza kitufe kimoja ngoma zinaanza, gitaa linaingia, wewe umekaa tu unakuna kidevu. Cha pili kirefu, cheusi, hakina taa. Vibao vyake vizito.

Odhiambo akaruka kwa kile chepesi. "Mzee, hiki kinabebwa na boda mpaka matangani!"

Mimi sinunui ng'ombe kwa rangi. Namshika mgongoni, nasikia anavyojibu mkono. Nikafanya vile vile. Kile chepesi nikakigusa pole pole, kama ulivyonifundisha jioni zile nilipokuwa nakukanyagia upepo na mguu wako umevimba. Ulisema, "Mos mos. Vidole si jembe. Gusa kama unaamsha mtoto." Kikalia. Nikakipiga kwa nguvu. Kikalia vile vile! Huruma na hasira, sauti moja! Nikageukia kile kirefu. Nikigusa pole pole, kinanong'ona. Nikipiga, duka zima linageuka.

Nikasema, "Odhiambo, chukua hiki kizito."

Unajua mtu huyo alinijibu nini, mbele ya Abdi? "Jaduong', nani atakipiga? Tangu mama alale, hakuna mtu anajua. Kile kingine angalau kinajipiga chenyewe."

Nikasema, "Mimi."

Alicheka mpaka akashika meza. "Wewe? Na vidole hivyo vya kufunga ng'ombe?"

Hiyo kamati ikakaa, ikachagua taa. Nikawaambia Rateng' hanunui redio, na jina la mke wangu halibandikwi juu ya kitu ambacho hata mbwa akikikanyaga kinaimba. Nikamchukua dume wangu kutoka kwa mikono yao. Nikamuuza mwenyewe, nikarudi kwa Abdi, nikaleta kile kirefu nyumbani. Sasa kiko pale ilipokuwa cherehani yako. Wao wana redio yao. Jumapili inapiga ngoma zile zile kwa ubatizo na kwa maiti, na hakuna jina juu yake. Hilo nimeshinda.

Lakini wewe, Nyar Karungu, hasira yangu na wewe haijaisha. Wale nawasamehe, ni wajinga. Wewe hukuwa mjinga. Nilikuambia, fundisha wasichana. Ukasema, "Baada ya kuvuna." Tukavuna mahindi, ukasema, "Baada ya mtama." Ni mavuno gani hayo hayaishi? Ukaenda na kila kitu kwenye vidole vyako, ukaniachia mguu wa kukanyaga upepo, na kinanda hiki hakitaki upepo! Odhiambo aliuliza swali la kweli, na aibu ya jibu uliniachia mimi.

Kwa hivyo najifunza. Nina mstari mmoja, ule uliokuwa ukiuimba ukichambua maharagwe. Mkono wa kulia peke yake. Kidole cha nne hakisikii amri, lakini nimewahi kufuga madume wabishi kuliko hicho.

Jana jioni stima ilikuwepo. Nilifungua dirisha la upande wako, nikapiga ule mstari, nikakosea mahali pale pale. Nikakukasirikia, nikapiga kibao kwa ngumi, kikanguruma mpaka kuku wakakimbia. Halafu nikagusa kile kile, mos mos, kama unavyoamsha mtoto. Kikajibu hivyo hivyo, mos mos.

Dirisha sijafunga. Lala ukisikiliza, na usicheke.

Mume wako,
mkanyagaji wa upepo wako