Sentensi Arobaini na Tatu Ulizomwachia Enda

Mwaka umetimia, Bairbre, tangu Alhamisi ile ulipoanguka dukani katikati ya makopo ya rangi, mshipa wa kichwani ukapasuka, na hukuamka tena. Watu wanatuambia mwaka wa kwanza ndio mgumu. Sisi hatujui. Tumeupita kama mtu aliyetoka kwa daktari wa meno: shavu analo, lakini halisikii.

Ulikuwa fundi wa kuchanganya rangi. Mteja akija na kipande cha pazia, ulimtolea rangi ile ile bila kufungua kitabu. Mikono yako haikukosa madoa. Ulicheka ovyo kanisani, na barabarani ulikanyaga mafuta kama mtu anayefukuzwa. Ulimpelekea yule mzee wa nyumba ya pembeni supu kila Jumatatu, ukamwambia imebaki, na haikuwa imebaki.

Na ulikuwa mbishi kwa jambo moja: watoto wako hukuwasemesha Kiingereza hata siku moja. Ulitoka kwenu An Cheathrú Rua, pwani ya magharibi ya Ayalandi, na Kiayalandi chako, ukaolewa huku Athlone, ambako watu wanakitunza kama vyombo vya wageni. Kipo kabatini, kila mtu anajivunia kuwa nacho, hakuna anayekitoa.

Mumeo Enda alikisoma shuleni miaka kumi na minne, kikamtoka chote siku aliyokabidhi karatasi ya mtihani. Binti yenu Muireann alipozaliwa ukamwambia Enda aseme kile anachokiweza tu, mtoto hatamcheka. Ukawa unampa sentensi moja moja, naye anairudia huku anamenya viazi. Vaa viatu. Funga mlango. Nawa mikono. Fungua mdomo. Lala sasa. Akikosea ulimgonga begani na kijiko. Siku ulipoondoka alikuwa nazo arobaini na tatu. Kaka yako Máirtín ndiye aliyezihesabu.

Siku ya kukuaga nyumbani watu walipanga foleni kutoka barabarani hadi sebuleni kumpa Enda mkono. Alikuwa hajalala siku mbili. Mjomba wako Coilín, na miaka yake sabini na tisa, akafika mbele yake akampa pole kwa Kiayalandi kirefu, kizuri. Enda akaona lazima amjibu kwa lugha hiyo hiyo, kwa heshima yako. Akatafuta kichwani. Akasema, "Nigh do lámha." Nawa mikono.

Coilín akatazama viganja vyake. Akaenda jikoni, akapita kwenye meza ya sandwichi, akanawa kwa sabuni, akarudi, akamwonyesha Enda mikono, mbele na nyuma. Na Enda, kwa kuwa ndivyo inavyofuata siku zote mtoto akishanawa, akamwambia, "Buachaill maith." Mtoto mzuri.

Máirtín ilibidi atoke akachekee uani, nyuma ya tangi la mafuta. Wewe ungegaagaa chini. Sisi tulicheka, tukaacha, tukanywa chai. Hatukumbuki kama ilikuwa na sukari.

Baada ya kukuzika, Muireann aliacha. Hakugombana na mtu, hakulia. Aliacha tu. Akiambiwa kitu kwa Kiayalandi alijibu kwa Kiingereza, hata mama yako Nóra aliposhuka kwenye basi na kumkumbatia, alijibiwa Kiingereza. Enda akaendelea na arobaini na tatu zake, asubuhi na jioni, kama mtu anayelisha kuku. Alikuwa anamfikiria Fiachra, mdogo wa Muireann. Yule ulimwacha na mwaka mmoja na nusu, ndio kwanza anaanza kutamka. Enda aliogopa kitu kimoja, na sisi tulikiogopa naye: kwamba huyu mdogo atakua bila neno lako hata moja mdomoni.

Mwezi wa pili tangu uondoke, mezani, Muireann akaweka uma chini.

"Baba, hayo ni maneno ya watoto wachanga. Mimi nakaribia miaka minane."

"Mengine sina, mama. Mama yako alinipa hayo tu."

"Basi nyamaza."

Akanyamaza. Tulimwambia asimsikilize mtoto, lakini ndani yake alijua mtoto ana haki. Ulikuwa unampa maneno kwa kadiri mtoto anavyokua, na wewe uliondoka kabla ya kufika kwa mtoto mkubwa. Alikuwa na namna ya kumwambia Muireann apige mswaki. Hakuwa na namna ya kumuuliza kwa nini amekaa bafuni nusu saa na bomba limefungwa. Kufika majira ya joto, Fiachra alikuwa ameshalisahau hata neno la viatu.

Mwezi wa tisa Enda akampigia simu mama yako. Akamwomba sentensi moja ya mtoto mkubwa. Nóra akamuuliza anataka kusema nini hasa, Enda akashindwa kueleza. Kisha Nóra akamwambia kwamba wewe ulipokuwa na miaka minane na unabamiza milango, yeye alikuwa anakuuliza, "Céard atá ort?" Una nini? Ila akamwonya, "Ukiuliza, kaa chini, mkwe. Usimsimamie kama polisi."

Enda aliifanyia mazoezi sentensi hiyo wiki nzima kwenye gari la halmashauri, akienda kuziba mashimo barabarani. Mwenzake akamuuliza anaongea na nani peke yake. Akasema na mama mkwe. Mwenzake akasema pole.

Jumanne moja Muireann akarudi kutoka mazoezini, akatupa begi, akatupa na fimbo yake ya kupigia mpira. Nóra alikuwepo, jikoni, na Fiachra mapajani, na ndiye aliyetusimulia. Enda akakaa kwenye ngazi, ya pili kutoka chini. Akauliza. Aliitamka vibaya, Nóra anasema, lakini aliitamka yote.

Muireann akasimama pale na koti lake. Halafu akaanza kuongea, kwa Kiayalandi chako, kwa mwendo wako ule wa kukata mwisho wa maneno, bila kupumzika, kama robo saa. Enda aliokota neno Mama mara sita. Mengine yote yalimpita. Hakumkatiza, hakuitikia mahali asipopajua. Alimtazama tu mdomo.

Alipomaliza, akamuuliza baba yake kwa Kiingereza, "Umeelewa?"

"Hapana," Enda akasema. "Sikuelewa."

Muireann akavua koti.

"Basi kesho nitasema polepole."

Na kesho yake akasema polepole. Anasema polepole mpaka leo, baada ya chakula, na Enda anauliza hili ni nini na lile ni nini, na Fiachra yuko pale pale kwenye kiti chake, anasikiliza. Hatujui kama hiyo ndiyo inaitwa nafuu. Tumeona tukuambie.

Misa yako ni Jumapili saa tano asubuhi, chai nyumbani baadaye.

Unakumbukwa na mumeo Enda Fallon, wanao Muireann na Fiachra, mama yako Nóra, kaka yako Máirtín, ambaye ngazi yako ya kupakia rangi bado anayo, mjomba Coilín, mama mkwe wako Dympna, na wenzako wote wa kaunta ya rangi.

Kwetu husahauliki, Bairbre, leo wala siku yoyote ijayo.