Koti Lako Walilitundika

Ndugu yangu Byamungu,

Nakuandikia nikiwa na hasira, kwa hiyo nisamehe kama salamu zimenikauka. Mkeo Faila na watoto hawajambo. Mengine si mazuri.

Kundi letu la kuigiza vita vya kale hatimaye limeruhusiwa kupiga risasi za kweli. Jumamosi tulikwenda uwanja wa shabaha, nje ya mji, na yale magobore yetu ya kizamani, yanayowaka kwa jiwe la cheche. Miaka yote tulitia baruti tupu: moshi, kishindo, watazamaji wanapiga makofi, tunarudi Guildford, hapa hapa Sydney, kula ugali kwako. Watoto wako walikucheka kwamba mkimbia bunduki sasa anabeba bunduki, "Dad, you ran away from guns." Nawe ukawajibu, "Hii bunduki iko na adabu. Inapiga tu makelele." Wewe uliyetoka Walungu, kule Kongo, risasi zikilia nyuma yako, ulikuwa umepata bunduki isiyoua mtu. Na ile sheria ya kundi ya kulenga juu ya kofia ya adui, hata kama mtutu hauna risasi, hakuna aliyeishika kama wewe.

Basi sikia walichofanya. Trevor, kiongozi wetu, alitaka tuone risasi ya zamani inavyotoboa sufu. Akachukua koti jekundu la kuigizia kutoka stoo, akalitundika kwenye ubao. Lilikuwa lako. Nililijua kwa mikono yake, ile Faila aliyoirefusha kwa kipande cha kitenge cha njano, kikawa kinachungulia ukitembea. Ulipofariki pale hospitali ya Westmead alilifua, akalipiga pasi, akalirudisha kwa sababu ni mali ya kundi.

Nikasema, hilo ni la Byamungu. Trevor akaniambia, "It's just a spare, mate," eti ni koti la ziada tu. Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo linaloniuma. Angekuwa mbaya ningejua pa kumshika.

Tukajipanga mstari. Na unajua nini? Wote walionitangulia walikosa. Mazoea yana tabu: kila mmoja aliinua mtutu juu ya pale kofia ingekuwa, risasi zikaishia kwenye tuta la udongo. Nilicheka peke yangu, nikaona kama wewe ndiye unayewashika mikono. Zamu yangu ilipofika, nilipiga juu makusudi. Kisha Trevor akasogea karibu, akajikumbusha kwa sauti, "Low, low," akashusha mtutu. Risasi yake ikaingia koti ubavuni kushoto. Wakapiga makofi.

Ulizikimbia risasi kutoka Walungu hadi kambi ya wakimbizi, kutoka kambini hadi Sydney. Moja imekupata umeshazikwa.

Nililitungua koti bila kumwomba mtu ruhusa, na hakuna aliyenizuia. Sasa linaning'inia nyuma ya mlango wangu na bado linanuka baruti. Faila hajui. Jumapili baada ya ibada nitampelekea, na nitamwambia yote kabla kidole chake hakijalikuta lile tundu. Namjua, atalia kwanza, halafu atatafuta sindano. Kile kitenge cha njano kilibaki kipande, kinatosha kiraka.

Gobore nimewarudishia. Kwenye mstari ule sitasimama tena, nakuahidi. Na wanao wakiniuliza bunduki ya baba yao ilikuwa ya namna gani, nitawaambia ilikuwa na adabu kuliko watu.

Lala, ndugu yangu. Koti lako ninalo.

Zakaria