Mama Mkwe Kiti cha Mbele

Wewe, uko? Acha unachofanya usome. Leo nimeumbuka mpaka basi.

Unaijua ile stori yangu ya vijiko, kwamba mama mkwe akiona naaga anakimbilia jikoni kuvihesabu. Miaka mitatu inanilisha ile. Na nilimwapia shemeji yako kwamba jukwaani mama yake simgusi.

Sasa leo onyesho la mchana, taa zimenipiga usoni, viti vya mbele sioni kitu. Nimemaliza vijiko, watu hoi. Nikachokoza kama kawaida yangu: "Wewe mama wa mbele hapo, una mkwe?"

Sauti ikajibu taratibu kabisa: "Ninaye. Huyo hapo jukwaani."

Huyo hapo jukwaani. Na sauti naijua.

Ukumbi ukavunjika mbavu, wanadhani tumepanga. Mimi niliyeigiza jambazi tamthilia nzima, nikakosa hata sura ya kuvaa. Nikasema, "Shikamoo mama." Wakazidi kucheka.

Akasimama. "Marahaba, baba. Stori yako nzuri, ila mwisho umeuacha. Vilikuwa kumi na viwili. Sasa viko kumi na kimoja."

Walimpigia makofi wamesimama. Mimi sijawahi kusimamiwa hata siku moja.

Kumbe na shemeji yako alikuwa kiti cha pembeni yake, kasikia yote. Tumefika nyumbani, nikaenda na hasira zangu kufungua droo ya jikoni, ili aone mama yake alivyonisingizia.

Kijiko kimo. Kina ua kwenye mpini, kama vya kwao vyote.

Nimekikalia. Shemeji yako yuko mlangoni, anasubiri nimwonyeshe.